Mahali Vifaru Havipiti

Siku Aabo, baba yangu, alipofika Garissa kuamua niolewe na nani, Deeq alikuwa anapanda mikoma.

Haikuwa mikoma ya kweli. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta kwenye duka lake la kutengeneza simu, akibonyeza kidogo kidogo, na kila alipobonyeza, mti mdogo wa kijani uliota kando ya mto wa rangi ya chai. Mimi nilikuwa barazani na Eeddo Ramlo, dada yake baba yangu, tukiuza maziwa ya ngamia. Kati yetu na Deeq palikuwa na dirisha lisilo na kioo. Dirisha hilo nimelishukuru kuliko mlango wowote niliowahi kufunguliwa.

"Idman," aliita bila kugeuka. "Mikoma inashuka mpaka majini, au inaacha nafasi?"

"Inaacha nafasi. Mto ukifurika unaing'oa ya mbele."

"Haya. Tunaing'oa ya mbele."

Eeddo alicheka mpaka bilauri zikagongana. "Ya Rabbi! Vijana wenzake wananunua mbuzi, huyu ananunua miti isiyo na kivuli. Wewe Deeq, hao mbuzi wako wa kompyuta wanatoa maziwa?"

"Hakuna mbuzi, Eeddo. Ni mchezo wa vita. Kuna vifaru na askari tu."

"Basi afadhali. Nilidhani unataka kuniharibia biashara."

Deeq alicheka, kisha akanitazama mara moja tu, upesi, kama mtu anayeangalia kama jua limeshuka. Nikainamisha uso kwenye kibuyu cha maziwa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunapendana. Hakuna aliyekuwa amelitamka neno lenyewe.

Niseme jinsi ilivyoanza. Mimi shule niliiacha darasa la tano, mwaka ule wa ukame tulipohama na mifugo na hakukuwa na mtu mwingine wa kufuata mbuzi. Nilipoletwa mjini kumsaidia Eeddo, nilikuwa mtu wa kunyamaza. Wateja walidhani mimi bubu. Lakini mchana mmoja Deeq alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Walaal, ndugu yangu, wewe ni wa upande wa Balambala, sivyo? Mtu akitoka nyikani, anateremkaje mtoni kule?" Kisha akanyamaza, akasubiri. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akiniuliza kitu halafu akasubiri jibu. Nilichukua muda mrefu. Yeye hakuondoka.

Tangu siku hiyo tulichora pamoja, yeye ndani na mimi barazani, Eeddo akiwa katikati kama polisi wa mpakani. Deeq alinieleza kwamba waliotengeneza mchezo ule walitia ramani za kwao tu, zenye theluji, misitu myeusi na madaraja ya mawe. Hawakuacha njia ya mtu wa Garissa kuchora kwao. Ila kuna watu wengine, wapenzi wa mchezo tu, waliokaa wakatengeneza programu ya pembeni ya kufungua ramani zile na kuzichora upya, wakaigawa bure kwa yeyote anayeitaka. Deeq hajui wanaishi nchi gani. Lakini akimaliza kusali huwaombea.

"Unawaombea watu wa kompyuta?" nilimuuliza siku moja.

"Bila wao, ningekuuliza nini?" alisema.

Nilikwenda ndani kuosha bilauri zilizokuwa safi.

Basi siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, Aabo alitokea barazani na fimbo yake begani, vumbi la Balambala bado likiwa kwenye viatu. Aabo Billow ni mrefu na mkavu, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba watu huacha kuzungumza ili waisikie. Nilimbusu mkono. Aliniwekea kiganja kichwani akakiacha hapo kidogo.

Eeddo alimmiminia chai. "Karibu, kaka. Umechoka?"

"Sijachoka. Nimekuja kumaliza neno." Alikunywa kidogo. "Abdiwahid wa Habaswein ameleta wazee wake mara ya pili. Ni mtu wa heshima. Ana malori yanayobeba mifugo. Nikikaa kimya tena nitakuwa ninamtukana. Kisha nasikia kuna mwingine hapa mjini, anayetaka kuleta wazee. Nasikia kazi yake ni kucheza vita."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili.

"Kazi yake ni simu," Eeddo alisema. "Vita ni mambo yake ya jioni, kama wewe na mchezo wenu wa shax. Mbona nyinyi wazee mnachimba vishimo mchangani na kulana kokoto siku nzima, na hakuna anayewanyima wake?"

Aabo hakutabasamu, ila masharubu yalisogea. "Yuko wapi?"

Deeq alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono ikiwa haijui pa kukaa. "Assalamu alaikum, Adeer," alisema, akimpa heshima ya ami. "Karibu ndani, kuna feni."

Tuliingia sote, kwa maana Eeddo alinisukuma kwa kiwiko. Aabo alikaa kwenye kiti cha wateja, fimbo magotini, akaangalia zile simu zilizofunguliwa matumbo. Kisha akaangalia kompyuta.

"Hivyo ndivyo vita vyako?"

"Ndiyo, Adeer. Hii ni ramani. Nimeichora mwenyewe. Yaani..." aliniangalia, "sikuichora peke yangu."

Ramani ile imegawanywa vyumba vidogo vya pembe sita, kama sega la nyuki. Kila chumba kina aina yake ya ardhi: mchanga, kichaka, tope, maji. Chumba cha mchanga jeshi hupita haraka, cha kichaka hupita polepole. Deeq alimweleza Aabo haya yote kwa adabu, akionyesha kwa kalamu, naye Aabo alisikiliza kama anavyomsikiliza mtu anayemuuzia ng'ombe mgonjwa.

Halafu akaacha kusikiliza. Alisogeza kiti. Kidole chake kirefu kiliinuka, kikafuata mto bila kugusa kioo.

"Hapa pana maji mafupi," alisema. "Ngamia huvuka."

"Ndiyo, Adeer."

"Na hii ni mikoma ya kwa kina Alio. Na hapa... hapa tope huwa jeusi baada ya mvua."

"Niliambiwa."

Aabo alinigeukia, na nilimwona babangu ambaye sijamwona tangu nikiwa mdogo, yule aliyekuwa akinibeba mabegani kuvuka hapo hapo. Nilimshukuru Mungu kimya kimya. Nilidhani tumeshavuka.

"Haya," alisema, na sauti ilikuwa laini. "Nionyeshe hivyo vita."

Deeq alifurahi kama mtoto. Alifungua mchezo wenyewe. Vifaru vilijipanga nyikani, vidogo kama kunguni, akaviamuru vishuke kuelekea mtoni. Vilishuka vikipita uwanda ulio wazi karibu na kona ya mto, kimoja baada ya kingine, na nyuma yavyo vumbi.

"Wanapita wapi hapo?" Aabo aliuliza.

"Hapa kwenye uwanda, Adeer. Hakuna kichaka, hakuna tope. Ndiyo njia nzuri kuliko zote. Kila jeshi lazima lipite hapa."

Aabo aliweka bilauri chini.

"Hapo yupo mke wangu," alisema.

Feni ilizunguka. Eeddo alijifunika mdomo kwa shali. Deeq alimtazama Aabo, akanitazama mimi, na mimi nilitazama sakafu.

Nilikuwa nimemwambia Deeq kila kitu cha nchi ile. Njia za mbuzi, vichuguu, mahali nyoka hulala. Uwanda ule niliuacha mtupu kwa sababu kila nilipofika hapo nilirukia habari za ng'ambo ya mto. Hooyo, mama yangu, alikufa kwa homa tukiwa safarini na mifugo. Tulimzika kwenye kona ya mto, tukamzungushia boma la miiba ili fisi na wanyama wengine wasimfikie, kama tunavyowazungushia wafu wetu wote. Kesho yake tukahama, kwa kuwa mifugo haingoji. Kila Aabo anaporudi mtoni hukata miiba mipya.

Deeq alizima mchezo. Alifanya polepole, kama mtu anayefunika uso wa aliyelala.

"Adeer, sikujua. Nisamehe."

"Hujakosa. Mtu hawezi kujua asichoambiwa." Aabo alichukua fimbo. "Lakini nimekwisha kuona. Macho yangu hayawezi kuacha kuona."

"Adeer, naomba ukae kidogo. Naweza kupafunga."

"Utapafungaje? Ni picha."

"Nipe nafasi nijaribu."

Aabo hakukaa, lakini hakutoka pia. Alisimama ameegemea fimbo kwa mguu mmoja, kama anavyosimama malishoni.

Deeq aliifungua ile programu ya pembeni. Alizungumza huku akifanya, nadhani ili asilie. "Mchezo huu haujui boma la miiba, Adeer. Waliotengeneza hawajaliona. Vitu ambavyo jeshi haliwezi kupita kabisa ni viwili tu, mlima mrefu na maji ya kina. Sasa nachukua sheria ya maji ya kina, naiweka hapa. Mchezo utaamini hapa pana ziwa. Kisha natoa picha ya ziwa, naweka picha ninayoichora mimi. Mchezo unaona ziwa. Sisi tunaona miiba."

"Wewe unaudanganya," Aabo alisema.

"Naudanganya, Adeer. Hauna adabu, lazima udanganywe."

Eeddo alitoa kicheko kidogo chenye machozi.

Alichora miiba. Mstari kwa mstari, matawi ya mgunga yaliyolazwa, ncha zikitazama nje. Alipomaliza akafungua mchezo tena. Kioo kikawa cheusi, kikatokea kijisanduku cha maneno ya Kiingereza. Akafunga, akafungua tena. Kijisanduku kile kile.

"Mchezo umekataa?" Aabo aliuliza.

"Kuna kitu nimekosea. Ukikosea kidogo tu, mchezo hauifungui ramani kabisa. Nitapata, Adeer."

"Basi, kijana. Umejitahidi. Mungu akulipe." Aabo aligeuka kuelekea mlangoni. "Ramlo, kesho asubuhi nitawapigia watu wa Habaswein. Neno liishe."

Nilimwona akiinua mguu kuvuka kizingiti. Mimi, ambaye mbele ya wanaume sijawahi kusema zaidi ya salamu, ambaye bei ya maziwa huisema kwa vidole, nilisikia sauti ikitoka kifuani mwangu.

"Aabo, hajamaliza."

Alisimama. Eeddo alinishika mkono, sijui kunizuia au kunitegemeza.

"Umesema nini?"

"Hajamaliza kazi. Wewe ulinifundisha kwamba mtu akiwa anaweka miiba juu ya kaburi, hatumwachi peke yake." Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni lakini maneno yalikuja. "Siku ile nilibeba miiba na wewe. Mikono yangu ilitoka damu, ukaniambia nipumzike, nikakataa. Aabo, mimi ndiye niliyeacha pale patupu. Sikuweza kumwambia. Lakini alipojua hakuuliza faida yake. Alizima vita vyake palepale."

"Idman."

"Malori ya Abdiwahid yanapita upande ule, Aabo. Sijui kama angesimamisha lori."

"Hilo hulijui," Aabo alisema kwa ukali kidogo. "Usimseme vibaya mtu asiyekuwepo."

"Ni kweli. Silijui. La huyu nimelijua."

Baada ya hapo sauti iliniisha. Nilikaa chini sakafuni. Deeq alikuwa amenigeukia, na safari hii hakutazama upesi. Alinitazama kama alivyosubiri jibu langu siku ile ya kwanza. Nami sikuinamisha uso.

"Wewe, tazama kompyuta!" Eeddo alimkemea. "Msichana amekutafutia muda, unautumia kumkodolea macho?"

Aabo alirudi. Akavuta kiti, akakaa. Akalaza fimbo chini.

"Fanya," alisema.

Deeq alifanya. Alifungua, akafunga, akanung'unika, akajishika kichwa. Mteja alikuja kuulizia simu yake na Eeddo akamfukuza kama kuku. Kisha Deeq akapiga paja. "Ni picha! Nimeichora kubwa kuliko chumba chake. Miiba imetoka nje ya boma." Akaipunguza pembeni, akaihifadhi, akasema bismillahi kwa sauti, akabonyeza.

Mto wa rangi ya chai ukatokea. Mikoma ikatokea. Na kwenye kona ya mto, katikati ya uwanda, boma dogo la miiba.

Akaviita vifaru. Vikashuka tena, vumbi nyuma. Vilipofika karibu na kona vilisimama. Nilishika shali langu. Kisha cha mbele kikageuka, kikazunguka mbali, kupitia kwenye tope jeusi ambako kila jeshi huchelewa. Na vyote vilivyofuata vikazunguka nyuma yake.

Aabo alisogeza kiti karibu zaidi.

"Rudisha," Aabo alisema. "Nione tena."

Deeq akarudisha. Vikashuka, vikasimama, vikageuka.

Aabo aliinama karibu na kioo. "Upande wa mto umeacha wazi."

"Nilidhani mto wenyewe unatosha, Adeer."

"Fisi huja kutoka upande wa mto. Wanakunywa kwanza. Zungusha pote."

Deeq akazungusha pote. Aabo akakagua, akaitikia kwa kichwa.

"Hii ramani unaicheza peke yako?"

"Hapana. Nikiimaliza naituma kule tunakopeana ramani, wale wenye programu hii. Wataicheza watu wa kila mahali."

"Na wao watazunguka?"

"Kila atakayecheza, Adeer. Hawezi kufanya vingine."

"Hata Wazungu?"

"Hata Wazungu. Hata majenerali wao."

Aabo alifikiri. "Watajua ni nani aliye hapo?"

"Hapana. Watajua tu kwamba hapapitiki. Nikitaka naweza kuandika jina."

"Usiandike. Hakupenda kutajwatajwa." Aliniangalia pale chini nilipokaa, na uso wake ukalainika wote. "Alikuwa kama huyu. Siku nilipokwenda kwao, alijificha nyuma ya ngamia. Lakini siku baba yake aliponikatalia, alitoka akasema sentensi moja. Moja tu. Nikaoa kwa sentensi hiyo."

"Alisema nini?" Eeddo aliuliza.

"Hiyo ni yangu." Aabo alisimama, akajikung'uta vumbi, akaokota fimbo. "Wewe kijana. Wazee wako wanakaa wapi?"

Deeq alikuwa bado anakagua miiba. "Wengine wako hapa Garissa, Adeer, na ami yangu yuko Dagahaley, ana duka. Kwa nini?"

"Kwa nini!" Eeddo alirusha mikono juu. "Ya Rabbi, mwanamume huyu anajua kila chumba cha nchi hii isipokuwa hiki alichosimama! Anakuambia uwalete, mjinga wewe!"

Kalamu ilimwanguka Deeq. Alijaribu kusema kitu, kikatoka kikohozi. Mwishowe aliushika mkono wa Aabo kwa mikono yake miwili, akaubusu, akaendelea kuushika hadi Aabo akauvuta mwenyewe.

"Nitampigia Abdiwahid leo leo," Aabo alisema. "Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa heshima yake. Halafu nitaswali. Ramlo, nionyeshe msikiti, mji huu kila nikija wanahamisha barabara."

Walitoka. Eeddo aliacha mlango wazi kabisa, akasogeza na kibuyu cha maziwa katikati ya kizingiti, ili ulimwengu wote uone kwamba hakuna siri. Mimi nilirudi barazani, mahali pangu, upande wa pili wa dirisha. Alhamdulillahi, nilisema. Nilisema kwa ajili ya Aabo aliyerudi kukaa. Kwa ajili ya Eeddo na mdomo wake. Kwa ajili ya wale watu nisiowajua waliotengeneza kitu na kukigawa, bila kujua kwamba siku moja kitamzungushia mama yangu miiba.

Deeq alikuja dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha.

"Idman. Naweza kuuliza kitu?"

"Uliza."

"Sitaliandika. Nataka tu nilijue, nikiomba dua nisiseme 'yule mama'. Jina lake ni nani?"

Tangu tumzike sikuwa nimelitamka mbele ya mtu. Nilichukua muda mrefu. Yeye hakuondoka.

"Istahil," nilisema.

"Istahil," alirudia, polepole, kama mtu anayejifunza njia. "Allah amrehemu."

"Amina," nilisema, nikammiminia chai.